Mwongozo kamili: Kupeleka lalamiko la ardhi ya jamii ya asili Banjul, Arusha au Geneva bila jalada kukwama mlangoni

Mwongozo huu ni wa kamati za jamii, wasaidizi wa kisheria na vijana wanaokabidhiwa kazi ya kuandika "ile barua ya kwenda nje". Majalada mengi yanayoletwa kwangu kusomwa yana haki kamili ndani yake. Watu wameondolewa kweli, maboma yamechomwa kweli, msitu au malisho yametwaliwa bila mtu kuulizwa. Hata hivyo yanakwama, na mara nyingi yanakwama kabla jaji au kamishna hajafika kwenye habari ya ardhi yenyewe. Yamepelekwa kwenye chombo kisichoweza kuyapokea, yamechelewa, au hayaonyeshi kilichofanyika katika mahakama za nchi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini inafanyika kijijini. Kuandika barua kwenda Banjul, iliko Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kunakuja baadaye sana, karibu na mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja nene, ya jalada hili peke yake. Kila tukio, simu, barua na mkutano viingie humo kwa tarehe.
- Nakala za barua zote kutoka kwa mtendaji wa kijiji, chifu, mkuu wa wilaya au idara ya misitu au wanyamapori, pamoja na tangazo la Gazeti la Serikali lililogusa ardhi yenu.
- Namba ya RB (Tanzania) au ya OB (Kenya) kwa kila tukio lililoripotiwa polisi. Kama polisi walikataa kuandika, andika siku, saa, kituo na cheo cha aliyekataa.
- Simu yenye kamera na GPS, na mahali pawili tofauti pa kuhifadhia picha.
- Muhtasari wa mkutano wa jamii wenye mahudhurio na sahihi au dole gumba.
- Nakala za kesi zote zilizofunguliwa nchini, hata zilizotupwa.
- Wakili au shirika la haki za binadamu la kushauriana nalo. Kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Afrika hakulipiwi ada, na sheria haikulazimishi kuwa na wakili, lakini hatua ya 5 na ya 6 ni ngumu bila mtu wa sheria.

## Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kuandika neno lolote

Kila chombo kina saa yake, na saa hizo hazisubiriani.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyopo Arusha, inatoa miezi 2 tu tangu kitendo kilipofanyika au tangu mlalamikaji alipokijua. Muda huo umo katika Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usijipe moyo kwamba mateso yanaendelea na kwa hiyo muda nao unaendelea. Katika shauri la mateso ya Mlima Elgon dhidi ya Kenya, Kitengo cha Rufaa cha mahakama hiyo kiliikataa hoja hiyo mwaka 2012.

Hapa ndipo jamii nyingi za Tanzania zinapoumia. Sheria ya nchi inataka notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki serikali. Mtu anatuma notisi, anakaa kungoja kwa utii, na notisi inapoisha ile miezi 2 ya Arusha imekwishapita kwa mwezi mzima. Kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki hakudai umalize kwanza mahakama za ndani. Hivyo muulize wakili wiki ile ile ya tukio kama njia zote mbili ziende pamoja.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Banjul, Gambia, inadai lalamiko lifike katika "muda unaofaa" baada ya kumaliza mahakama za ndani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tume inausimamia, hautaji miezi. Katika shauri la Majuru dhidi ya Zimbabwe, ucheleweshaji wa miezi 22 usio na sababu ya kuridhisha ulilizamisha lalamiko. Jiwekee ukomo wa miezi 6. Ukipita hapo, andika sababu na uambatanishe uthibitisho wake.

Wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa hawana ukomo wa namna hiyo, ila barua yako ina nguvu zaidi tukio likiwa bado bichi.

Hatua hii imekamilika ukurasa wa kwanza wa kaunta buku unapokuwa na tarehe ya tukio, tarehe ya hukumu ya mwisho nchini (kama ipo), na tarehe ambayo kila mlango utafungwa.

## Hatua ya 2: Chagua mlango

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nayo ipo Arusha, na watu huichanganya na ile ya Jumuiya mpaka bahasha zinafika jengo lisilo lake. Mtu binafsi au shirika haliwezi kwenda moja kwa moja ila kama nchi imetoa tamko la kuruhusu hivyo. Kenya haijalitoa. Tanzania ililitoa mwaka 2010 ikaliondoa Novemba 2019, na tangu Novemba 2020 mashauri mapya ya moja kwa moja hayapokelewi. Rwanda ilijiondoa mwaka 2016. Kwa wengi wetu, njia ya kufika huko ni kupitia Tume ya Banjul, ambayo yenyewe inaweza kulipeleka shauri Mahakamani. Ogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, walifika hivyo: lalamiko lilianzia Tume mwaka 2009, na hukumu ikatoka Mahakamani tarehe 26 Mei 2017.

Tume ya Afrika. Huu ndio mlango mkuu kwa shauri la ardhi ya jamii. Waendorois wa Ziwa Bogoria, nao wa Kenya, walipita hapa, na uamuzi wao ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010. Wabatwa wa Kahuzi-Biega, huko mashariki mwa Kongo, nao walishinda hapa. Uamuzi wao uliwekwa wazi mwaka 2024. Kubali mapema kwamba utangoja miaka.

Mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili. Nafasi hii ipo tangu 2001, na tangu mwisho wa 2024 inashikwa na Albert Barume, mwanasheria kutoka Kongo. Hatoi hukumu. Anaiandikia serikali na kuitaka ijibu. Fomu hujazwa mtandaoni, na huhitaji kumaliza mahakama za ndani.

Kamati ya Kuondoa Ubaguzi wa Rangi, Geneva. Ina utaratibu wa tahadhari ya mapema na hatua za haraka, unaofaa pale uhamishaji unapokaribia au unapoendelea.

Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Uliza swali hili mapema: nani analipia mradi? Kama fedha ni za Benki ya Dunia, watu wawili au zaidi walioathirika wanaweza kulalamika, kwa lugha yao, bila wakili. Aprili 2024 Benki ilisitisha utoaji wa fedha za mradi wa utalii wa REGROW nchini Tanzania, baada ya malalamiko ya wakazi wa jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mlango huu hufanya kazi upesi kuliko mingine, na jamii nyingi hazijui kama upo.

Onyo. Usipeleke shauri lile lile kwa wakati mmoja kwenye Tume ya Afrika na kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoamua malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Barua ya mtaalamu maalumu haina tatizo hilo, kwa kuwa haimalizi shauri. Wala usipoteze muda na Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani: katika Afrika nzima umeridhiwa na Jamhuri ya Afrika ya Kati pekee.

## Hatua ya 3: Thibitisha nyinyi ni nani, na nani anawasemea

Serikali karibu daima huanza kwa kukataa kwamba jamii hiyo ipo. Kenya ilibisha kwamba Waendorois si jamii ya peke yake, ikaja kubisha vivyo hivyo kwa Ogiek. Tanzania husema Watanzania wote ni wenyeji. Usijaze kurasa kubishana juu ya jina. Weka mambo ambayo Tume huyatazama: mnajitambua vipi, maisha yenu yanategemeaje ardhi hiyo, mila na maeneo yenu matakatifu yako wapi, na mmetengwa vipi na utawala.

Andika vitu vinavyoonekana kwa macho. Mzinga wa asali unatundikwa mti gani, nani ana haki ya kuupanda, asali hiyo inatumika kwenye sherehe ipi. Mahali pa kuzikia wazee. Kisima cha kiangazi na cha masika. Majina ya mabonde katika lugha yenu. Wazee wa kike waulizwe pembeni na wanawake wenzao, maana mara nyingi ndio wanaojua mizizi, chumvi na njia za maji, na wakikaa baraza moja na wanaume hawatasema nusu ya wanayoyajua.

Kisha itisheni mkutano. Muhtasari useme wazi tumeamua kulalamika, tumemteua fulani na fulani, wanaweza kusaini, na watatuletea majibu hapa hapa. Tume hupokea lalamiko hata kutoka kwa mtu asiye mwathirika, lakini bila muhtasari huu kuna siku kundi la pili litatokea na kusema "hatukuwatuma". Serikali itawashika mkono hao.

Hatua hii imekamilika mtu wa nje anapoweza kusoma kurasa tano na kueleza jamii yenu inaishije, bila kuwa amefika kwenu.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi, na uanze na mpaka

Vijiji vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, huko Loliondo, vilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki baada ya maboma kuchomwa mwaka 2017. Mwaka 2018 walipata zuio la muda. Septemba 2022 shauri likatupwa, na sababu kubwa ilikuwa hii: majaji hawakuridhika kwamba uchomaji ulifanyika ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kikaitengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Miaka ikaliwa na swali la boma lilikuwa upande gani wa mstari.

Basi kila boma, shamba, mzinga au kaburi lililoguswa lipigwe namba za GPS. Simama katikati ya majivu, soma namba, ziandike kwenye kaunta buku, kisha piga picha nne kuelekea pande nne, angalau moja ikionyesha kilima au mto usiohama. Pata cheti cha ardhi ya kijiji au ramani ya zamani ya upimaji. Mpima ardhi awe na leseni ya nchi husika; ukimleta mtaalamu kutoka nje ya mpaka, upande wa pili utashambulia kibali chake kabla ya ramani yake.

Maelezo ya mashahidi yaandikwe mmoja mmoja, kwa lugha ya shahidi, kisha yatafsiriwe. Tazama tofauti ya maelezo haya mawili, niliyoyatunga kama mfano:

*"Askari wa serikali katili walichoma nyumba zetu zote na kutufukuza kama wanyama."*

*"Ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nakamua. Yalikuja magari mawili ya kijani. Walishuka askari wenye bunduki, nikahesabu tisa. Mmoja aliwasha moto nyumba ya mama mkwe wangu upande wa mlango. Nilikuwa nimesimama kwenye zizi, umbali wa kurusha jiwe. Tulitoa magodoro mawili na mtungi mmoja, vingine vikaungua."*

Ya kwanza inaeleza hasira, na hasira hiyo ni ya haki. Ya pili ndiyo inayoweza kushinda, kwa sababu wakili wa serikali hana pa kuishika.

Hasara nayo ihesabiwe mapema: ng'ombe wangapi, mabati mangapi, mizinga mingapi, na bei ya sokoni ya mwezi ule. Ogiek walipewa fidia ya shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu, katika hukumu ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022. Kiasi kilichoombwa kilikuwa kikubwa kuliko hicho mara nyingi. Pasipo na hesabu iliyothibitishwa, majaji hukadiria wenyewe.

Onyo. Usimpige picha mtoto au mama aliyedhalilishwa na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya jalada ikae kwenye jalada.

## Hatua ya 5: Maliza njia za ndani, au onyesha kwa nini hazipo

Hapa ndipo malalamiko mengi ya kwenda Banjul hufia. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika ina masharti saba, na la tano ndilo zito: lazima uwe umetumia mahakama za nchi mpaka mwisho, ila kama ni dhahiri zinavutwa kupita kiasi.

Katika shauri la Jawara dhidi ya Gambia, Tume ilieleza kwamba njia ya ndani lazima iwepo kwa kweli, iwe na uwezo wa kufanikiwa, na iweze kuponya kosa. Haya ndiyo maneno matatu ya kujengea hoja. Chora jedwali: mahakama gani, namba ya kesi, tarehe ya kufungua, kilichotokea, tarehe ya mwisho. Kwa kila mahakama ambayo hukwenda, andika ni neno lipi kati ya matatu lililokosekana na ushahidi wake ni upi. "Tunaogopa" pekee haitoshi. Barua ya vitisho au taarifa ya mtu aliyekamatwa ina uzito. "Hatuna imani na mahakama" pekee haitoshi; kesi iliyoahirishwa miaka minne, na nakala ya kila ahirisho, ina uzito.

Waendorois walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru kwanza, wakashindwa mwaka 2002, ndipo lalamiko likafika Banjul mwaka 2003. Kushindwa huko ndiko kulikowapa tiketi. Kwa hiyo msikate tamaa hakimu anapotupa kesi yenu nchini. Chukueni nakala ya hukumu iliyogongwa mhuri siku hiyo hiyo kama inawezekana.

Barua kwa rais, kwa waziri, au kwa tume ya haki za binadamu ya nchi ni nzuri kama ushahidi, lakini hazihesabiki kuwa mmemaliza njia za ndani. Tume inataka za kimahakama.

## Hatua ya 6: Andika lalamiko

Kurasa 15 hadi 20 zinatosha, viambatisho vikiwa nyuma na namba zake. Ingawa Kiswahili ni lugha ya Umoja wa Afrika, peleka kwa Kiingereza au Kifaransa ili jalada lisilale likingoja mkalimani. Nakala ya Kiswahili ibaki kwa jamii, isomwe mkutanoni kabla ya kutumwa.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: nani analalamika (unaweza kuomba majina yafichwe, lakini Tume yenyewe lazima iyajue), nchi gani, yaliyotokea kwa mfuatano wa tarehe, jedwali la hatua ya 5, haki zilizovunjwa, mnachoomba.

Kwa haki, msitaje Mkataba mzima. Katika mashauri ya Waendorois na Ogiek zilionekana kuvunjwa Ibara ya 8 (dini), 14 (mali), 17 (utamaduni), 21 (maliasili) na 22 (maendeleo), pamoja na ya 1. Anzia hapo, kisha funga kila ibara na aya ya tukio. Unaweza kutia nguvu kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007, Ibara ya 10, inayokataza kuhamishwa kwa nguvu bila ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili.

Onyo la lugha. Sharti la tatu la Ibara ya 56 linakataa matusi dhidi ya nchi, taasisi zake au Umoja wa Afrika. Shirika moja la Kamerun liliandika juu ya "utawala wa watesaji", na Tume ikalikataa lalamiko lake mwaka 1997. Mimi naona sharti hili linawabana walioumizwa kupita kiasi, lakini ndilo lililopo. Pitia rasimu na kalamu nyekundu, ufute kila neno kama katili, dhalimu, mafisadi, wauaji, na mahali pake uandike kilichofanyika.

Onyo la magazeti. Sharti la nne linakataza lalamiko linalotegemea habari za vyombo vya habari *peke yake*. Vipande vya magazeti viwe nyongeza ya mashahidi wenu.

## Hatua ya 7: Omba hatua za muda kama watu wako hatarini

Kama notisi ya kuondoka imetolewa, usingoje lalamiko likamilike. Oktoba 2009 Ogiek walipewa siku 30 watoke Mau. Novemba lalamiko lilikuwa Banjul, na mwezi huo huo Tume ikaiandikia Kenya isitishe. Ombi liwe na kurasa mbili: hatari gani, lini, nani, na kwa nini madhara yake hayatarekebishika baadaye. Ambatanisha notisi. Siku hiyo hiyo jaza fomu ya mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa na uombe aiandikie serikali barua ya dharura.

Onyo. Barua za wataalamu maalumu huwekwa hadharani, kwa kawaida baada ya siku 60, na zinaweza kubeba majina. Kila anayetajwa aulizwe kwanza, na jibu lake liandikwe.

## Hatua ya 8: Tuma, kisha usilale

Tuma kwa barua pepe kwa Katibu wa Tume, na nakala ngumu kwa njia inayotoa risiti. Utapewa namba ya lalamiko. Itaje katika kila barua. Tume ikishalipokea, itakupa muda maalumu wa kuleta hoja kamili. Muda huo ukikupita kimya, jalada linaweza kufutwa. Namba ya simu na barua pepe iliyoandikwa ibaki ile ile miaka yote. Ikiwa ni ya kijana mmoja anayeweza kuhama au kuacha kazi, watu wawili zaidi wawe na nywila.

Kila baada ya miezi mitatu, watu mliowateua wasimame mkutanoni na kueleza jalada limefika wapi, hata kama jibu ni kwamba hakuna jipya.

## Hatua ya 9: Siku ya ushindi, fungua ukurasa mpya

Tume na Mahakama hazina askari. Ogiek walishinda mwaka 2017 na kupewa amri ya fidia na hati za ardhi mwaka 2022. Novemba 2023 nyumba za Ogiek zilibomolewa tena Sasimwani, Narok. Waendorois nao wamekaa miaka mingi wakidai utekelezaji wa uamuzi wao.

Gawa uamuzi katika amri moja moja. Kwa kila amri andika ofisi inayohusika, tarehe ya mwisho na hali yake leo. Peleka barua kwa mwanasheria mkuu wa serikali, kwa wizara ya ardhi na kwa wabunge wenu, nakala Banjul au Arusha. Nchi inapokaguliwa katika Tathmini ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa (UPR), tuma taarifa: maneno 2,815 kwa shirika moja, 5,630 kwa mashirika yaliyoungana. Taja amri kwa namba yake na useme haijatekelezwa, ili nchi nyingine ziulize swali hilo Geneva.

Na kama watu watasumbuliwa tena baada ya hukumu, rudi hatua ya 1 siku hiyo hiyo. Kitendo kipya kina miezi yake 2 mipya.